Kutoka Tattershall hadi St Albans: safari ya kuufuata ugomvi wa Percy na Neville

Wanaofuatilia Vita vya Waridi nchini Uingereza, vita vya karne ya 15 vya kugombea taji kati ya ukoo wa Lancaster na ukoo wa York, aghalabu hukimbilia Bosworth, alikouawa Mfalme Richard III mwaka 1485. Safari hii ilianzia miaka 32 nyuma zaidi, kwenye harusi. Agosti 1453 familia mbili kubwa za kaskazini, Percy na Neville, zilikabiliana njiani zikiwa na silaha. Haikupita miaka minane, wengi wa vinara wa ugomvi ule walikuwa wameshauawa. Maeneo yote tuliyopita yanafikika kwa treni, basi na miguu, bila kukodi gari. Bei zilizotajwa ni za mwishoni mwa Agosti, tulipopita.

Shika kwanza huu undugu, maana bila huo hakuna kinachoeleweka. Henry Percy, Erli (cheo cha kabaila, chini ya duki) wa Northumberland, alimwoa Eleanor Neville, dada yake Richard Neville, Erli wa Salisbury. Mtoto wao Thomas Percy alipewa cheo cha Lord Egremont mwaka 1449. Basi Egremont alipomvizia Salisbury barabarani, alikuwa anamvizia mjomba wake.

Jambo la pili ni nembo. Percy ni simba wa buluu juu ya dhahabu. Neville ni msalaba mweupe uliolala kama X juu ya nyekundu. Ukizijua hizo mbili, kila dirisha la kanisa na kila lango la ngome litakwambia lilikuwa la upande gani.

Jumatatu: Lincoln na Tattershall

Treni ya asubuhi kutoka London King's Cross hadi Lincoln huchukua kama saa mbili. Tiketi iliyonunuliwa wiki tatu kabla ilikuwa pauni 26. Ukinunua dirishani siku ile ile jiandae kulipa zaidi ya mara mbili. Kutoka Lincoln panda basi la kuelekea Boston, ushuke Tattershall. Nauli ya safari moja ya basi nchini Uingereza ina kikomo cha pauni 3 tangu Januari 2025, kwenye njia nyingi, hata kama ni mwendo wa saa nzima. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine ya dereva, basi.

Mnara wa Tattershall unauona kabla hujafika: tofali nyekundu tupu, umesimama peke yake kwenye nchi tambarare. Aliyeujenga ni Ralph, Lord Cromwell, aliyekuwa Mweka Hazina wa ufalme kuanzia 1433 hadi 1443, na hakutaka mtu asahau: mikoba ya fedha imechongwa kwenye mawe ya meko ndani ya vyumba. Ukipanda ngazi ya mzunguko, pitisha mkono ukutani. Kishikio kimechongwa ndani ya jiwe lenyewe, kinapinda pamoja na ngazi hadi juu, na kimelainika kwa viganja vya karne tano na ushee. Mwaka 1911 meko hizo zilikuwa zimeshang'olewa ili ziuzwe Marekani. Lord Curzon alilinunua jengo na kuzirudisha.

Harusi ilifanyika hapa. Cromwell hakuwa na mtoto, na mpwa wake Maud Stanhope alikuwa mmoja wa warithi wake wawili. Maud, mjane kijana, aliolewa na Sir Thomas Neville, mtoto wa Salisbury. Tatizo lilikuwa kwenye orodha ya mali. Kati ya ardhi alizoshika Cromwell ilikuwemo ngome ya Wressle, iliyojengwa na Percy mmoja na kunyang'anywa baada ya familia hiyo kumwasi Henry IV mwaka 1403. Percy walikuwa wamekaa nusu karne wakiingoja irudi. Sasa ilikuwa inaelekea kwa Neville, na kwa njia halali kabisa.

Usiondoke bila kuingia Kanisa la Utatu Mtakatifu lililo jirani. Maud amelazwa humo. Bamba lake la shaba ni la 1497. Mabamba yamefunikwa kwa zulia kwa sababu kanisa lina popo kwa mamia, na mkojo wao unaila shaba. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia alituinulia zulia bila kuombwa, akatushikia tochi kwa pembeni ili mwanga uje ukilala na mistari isomeke. Hiyo ndiyo namna ya kupiga picha shaba: mwanga wa pembeni, kamwe si wa mbele. Maud alizika waume watatu. Wa pili, Thomas Neville, aliuawa vitani Wakefield. Wa tatu, Sir Gervase Clifton, alikatwa kichwa baada ya vita vya Tewkesbury mwaka 1471.

Angalizo: basi la mwisho la kurudi Lincoln linawahi. Piga picha ya ratiba kituoni unaposhuka, usitegemee simu. Mtandao ulikuwa dhaifu.

Jumanne: York na Heworth

Lincoln hadi York kwa treni ni kubadilisha mara moja au mbili, hakuna la kusimulia. Kitanda cha bweni York kilikuwa pauni 29.

Ukitokea lango la Monk Bar, fuata barabara ya Heworth Green kisha Malton Road. Baada ya nusu saa hivi mjini kunaisha na uwanda wa majani unaanza, Monk Stray. Hicho ndicho kipande kilichobaki cha Heworth Moor. Kwingine kote ni majumba, shule na vituo vya mafuta. Hakuna kitu cha kukuonyesha kwamba tarehe 24 Agosti 1453 msafara wa maharusi, akiwemo Salisbury, mkewe Alice na wanawe Thomas na John, ulipita hapa ukirudi Sheriff Hutton na kuwakuta watu wa Egremont wamewazibia njia.

Mashtaka ya baadaye yanataja majina zaidi ya 700 ya waliokuwa na Egremont, na miongoni mwao walikuwemo watu wa York wenyewe, mafundi na wafanyabiashara. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime; watu wa York waliacha majembe wakashika pinde. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyeuawa siku ile. Neville nao walisafiri na kundi kubwa lenye silaha, na jambo likaishia kwenye vitisho na purukushani.

Kwa nini hakuna aliyewazuia? Mwezi huo huo Mfalme Henry VI, wa ukoo wa Lancaster, alishikwa na ugonjwa wa akili huko Clarendon. Hakusema wala kutambua mtu hadi karibu Krismasi ya 1454. Uingereza ya wakati ule haikuwa na jeshi la kudumu wala polisi. Amani ya kaskazini ililindwa na makabaila hao hao. Mfalme akinyamaza, hakuna mtu wa juu yao wa kusema basi.

Jioni nenda Micklegate Bar, lango la kusini magharibi. Kutembea juu ya kuta za York ni bure, ila zinafungwa giza likiingia na ngazi zinateleza mvua ikinyesha. Juu ya lango hili vilitundikwa vichwa vya Duki wa York, aliyegombea taji la Henry VI, na vya Salisbury, mshirika wake, mwishoni mwa 1460, cha duki kikiwa kimevishwa taji la karatasi.

Chakula: ukila halali, au hutaki tu nguruwe, uliza kabla ya kununua pai, nyingi ni za nguruwe. Samaki na chipsi nao uliza, kwani maduka mengi ya Yorkshire hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, si ya mimea. Tulilipa pauni 12 kwa sahani inayotosha watu wawili.

Jumatano: Sheriff Hutton

Huku ndiko msafara ulikokuwa unakwenda, kama kilomita 16 kaskazini mwa York. Mabasi ni machache na Jumapili usiyategemee. La asubuhi tulilolikusudia halikuja. Mama mmoja aliyekuwa anangoja naye alimpigia simu mwanawe, akaja na gari, akatupakia sote na kukataa hata pauni ya petroli.

Ngome ilijengwa na John, Lord Neville, kwa kibali cha mwaka 1382. Ni mali ya mtu binafsi, huingii ndani, lakini njia ya umma inapita karibu na unaziona pembe nne za minara zikiwa zimesimama kama meno. Njoo na viatu vya matope hata Agosti. Inafaa kukaa hapa na kuzungusha macho pande zote, maana nchi ni wazi na unaelewa mara moja ukaribu wa mambo. York, mji mkuu wa kaskazini, ni mwendo wa asubuhi moja kwa farasi. Mashamba ya Percy yalikuwa pande zote: Topcliffe kaskazini magharibi, Catton na Pocklington kusini mashariki. Hawa walikuwa majirani waliokutana sokoni na mahakamani.

Hapo ndipo mfumo wa watu wa kabaila unapoeleweka. Bwana aliandikiana mkataba na mtu: nitakulipa kiasi fulani kila mwaka, nawe utanitumikia kwa amani na kwa vita. Mkataba uliandikwa mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi, kisha ukakatwa katikati kwa mstari wa meno ya msumeno. Kila upande ulichukua nusu yake. Likizuka shauri, nusu mbili zinakutanishwa, meno yakilingana mkataba ni wa kweli. Mwenye mkataba alivaa nembo ya bwana wake na alitegemea bwana amsimamie kortini. Sheria ya 1390 ilijaribu kubana ugawaji wa nembo, ikashindwa, kwa kuwa waliotakiwa kuitekeleza ndio waliokuwa wanazigawa. Ukiwa mkulima mdogo na shauri lako limefika mbele ya watu waliovaa nembo ya mpinzani wako, ungeamuaje? Ungetafuta bwana wako na wewe.

Alhamisi: Stamford Bridge, Catton, Wressle

Siku ndefu kuliko zote, na bora kuliko zote. Mto Derwent unaunganisha vituo vyote vitatu.

Basi kutoka York hadi Stamford Bridge ni kama nusu saa, pauni 3. Mawe ya kumbukumbu hapa ni ya vita vya mwaka 1066. Vya 1454 havina hata kibao. Mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, Thomas na John Neville waliwakuta Egremont na mdogo wake Richard Percy hapa. Peter Lound, msimamizi wa Percy huko Pocklington, alikimbia na watu wapatao 200, na ndugu wawili wakakamatwa.

Kilichofuata ndicho kilichowaumiza Percy kuliko upanga. Waliamriwa kuwalipa Salisbury na familia yake fidia ya pauni 11,200, fedha ambayo kabaila yeyote asingeweza kuitoa, na wakafungwa gereza la Newgate, London, kama wadaiwa. Walitoroka mwaka 1456. Korti ilitumika kama silaha, na wakati huo aliyeshika usukani wa nchi kwa niaba ya mfalme mgonjwa alikuwa Duki wa York, aliyemwoa dada yake Salisbury. Percy wakaona wazi kwamba sheria imeshapata upande. Kuanzia hapo, adui wa York alikuwa rafiki yao.

Low Catton ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kusini. Nyumba ya Egremont ilikuwa Catton, na wiki chache tu baada ya Heworth John Neville aliivamia na kuvunja madirisha. Ukisikia kuvunjwa madirisha usidharau: kioo kilikuwa mali ya gharama, na kukivunja ni kumwambia mwenye nyumba kwamba hata alalapo hapana salama.

Kwenda Wressle inabidi urudi York, uchukue treni hadi Selby, kisha treni ya njia ya Hull. Wressle ina kituo chake, lakini treni zinazosimama ni chache mno. Ukikosa moja utakaa shambani saa kadhaa. Tuliteremka tukiwa na ratiba ya kurudi mkononi.

Na hiyo hapo, ngome yenyewe. Upande mmoja tu umebaki kati ya pande nne, mawe ya rangi ya krimu, katikati ya shamba la mtu. Pande tatu zilibomolewa karne ya 17 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Unaiona ukiwa njia ya umma, usiruke uzio. Aliyeijenga, Thomas Percy, Erli wa Worcester, alikatwa kichwa baada ya vita vya Shrewsbury mwaka 1403. Tulikaa ukingoni mwa Derwent tukila mkate na jibini, tukiutazama mto unaotoka Catton. Kwa mtu wa Percy kupoteza Wressle ilikuwa kama kunyang'anywa nyumba ya babu, kisha kupita mbele yake kila wiki na kumwona mwingine barazani.

Ijumaa: Towton

Basi la York–Leeds linapita Tadcaster. Kutoka hapo Towton ni kilomita nne hivi, ila barabara kuu haina pa kutembea kwa usalama. Chukua teksi hadi msalaba wa Dacre kando ya barabara ya B1217. Tulilipa pauni 11. Hapo panaanza njia ya miguu yenye mabango, inayoshuka kuelekea kijito cha Cock Beck.

Vita vilipiganwa Jumapili ya Matawi, 29 Machi 1461, kwenye theluji. Upepo ulikuwa nyuma ya jeshi la ukoo wa York, mishale yao ikafika mbali, ya jeshi la Lancaster, walikokuwa Percy, ikaanguka kabla ya kufika. Simama msalabani uso ukielekea kaskazini na utaona kosa la ardhi: kulia uwanda, kushoto mteremko mkali unaoishia majini. Waliokimbia walikimbilia huko. Taarifa za siku zile zilitaja maiti 28,000. Wanahistoria wengi wa leo wanaona idadi hiyo ni kubwa mno. Mwaka 1996 mafundi waliokuwa wanajenga kwenye eneo la Towton Hall walifukua kaburi la pamoja, na mifupa ile ilionyesha mapigo mengi ya kichwa kwa mtu mmoja, kupita kiasi cha kuua.

Erli mpya wa Northumberland, kaka yake Egremont, alikufa hapa pamoja na Richard Percy. Egremont mwenyewe alikuwa ameshauawa Northampton tarehe 10 Julai 1460, karibu na hema la mfalme. Salisbury alikatwa kichwa Pontefract siku moja baada ya vita vya Wakefield vya 30 Desemba 1460, ambako mwanawe Thomas, bwana harusi wetu, aliuawa.

Tembea hadi kanisa dogo la Mtakatifu Maria la Lead, peke yake katikati ya malisho. Mlango hausumbui, benchi zipo, na mvua ilitukuta ndani.

Jumamosi: Warkworth

Treni ya York–Alnmouth inachukua chini ya saa mbili, kisha basi la X18. Ngome ya Warkworth ina kiingilio. Nunua mtandaoni, ni nafuu kidogo. Simba wa Percy amechongwa mkubwa kwenye ukuta wa mnara mkuu, anautazama mji. Mwaka 1405 Henry IV aliilazimisha kusalimu amri kwa mizinga, risasi saba zikatosha.

Hapa ndipo ugomvi ulipofikia mahali pa ajabu. Mwaka 1464 Mfalme Edward IV, mtoto wa Duki wa York, alimpa John Neville, yule mvunja madirisha wa Catton, cheo cha Erli wa Northumberland pamoja na ardhi za Percy. Mwaka 1470 akamvua na kumrudishia kijana wa Percy, huku John akipewa cheo cha Marquess wa Montagu, kikubwa kuliko cha erli, bila ardhi za kutosha kukitunza. John aligeuka, akajiunga na kaka yake, Erli wa Warwick, na wote wawili wakauawa Barnet tarehe 14 Aprili 1471. Percy wapo Alnwick hadi leo.

Jumapili: St Albans

Treni kutoka Alnmouth hadi King's Cross, kisha unavuka barabara tu kwenda St Pancras. St Albans ni dakika 20 hadi 35 kutegemea treni.

Tarehe 22 Mei 1455 mfalme alikuwa mjini humu, na Duki wa York, Salisbury na mwanawe Warwick wakiwa nje na jeshi lao. Vizuizi vya mitaani vilishikiliwa na Lord Clifford. Warwick hakung'ang'ania vizuizi. Aliwapitisha watu wake kwenye bustani za nyuma ya nyumba, wakatokea sokoni katikati ya mji. Tembea kutoka Victoria Street hadi mnara wa saa: ni dakika chache, na vita vyote vilikuwa hapo. Kengele ya mnara ndiyo iliyopiga mbiu. Mnara hufunguliwa wikendi za kiangazi. Ngazi ni nyembamba, acha begi kubwa chini.

Waliokufa walikuwa wachache, lakini angalia ni akina nani: Duki wa Somerset, adui wa York, Erli wa Northumberland, baba yake Egremont, na Clifford, mshirika wa Percy. Walizikwa katika kanisa la abasia, yaani nyumba ya watawa, kwenye sehemu ya Bikira Maria. Machi 1458 pande mbili zilitembea zimeshikana mikono hadi St Paul's, London, na York na Neville wakaahidi pauni 45 kila mwaka kwa abasia hii, kwa misa za waliouawa. Mzee wa zamu kanisani alituonyesha mahali pa kukaa, akatuletea chai.

Mwenye siku ya ziada aitumie Beverley, kutokea Hull kwa treni. Huko amezikwa Erli wa nne wa Northumberland, yule kijana aliyerudishiwa ardhi. Mwaka 1489 alikwenda kutuliza watu waliokataa kodi karibu na Thirsk, wakamuua, na watu wake mwenyewe hawakumkinga. Kanisa kuu la Beverley ni bure, mchango wa hiari, na pai kwenye mkahawa wa jirani ilikuwa ya mbogamboga.